Boti Iliyokataa Kuwaka Asubuhi

Watu wakisikia natoka Kasulu na kazi yangu ni kuendesha boti, wanacheka. Boti gani huku milimani? Wanadhani maji yote ya mkoa wa Kigoma yako ziwani. Basi nawaambia waje waone Malagarasi, mto uliolala kati yetu na wenzetu wa upande wa Kibondo, halafu wanionyeshe wangeuvuka kwa miguu sehemu gani. Kijijini kwetu daraja la magogo lilikwenda na maji ya masika, na tangu hapo tunavuka kwa boti ya mbao yenye mashine nyuma. Ng'ambo kuna soko na zahanati. Kwetu kuna mashamba na watu wanaougua. Boti ni ya kijiji, na ufunguo wake nilikabidhiwa mimi.

Na sikupewa kwa kuhurumiwa, hilo nataka lieleweke. Miaka minne nilikaa kwenye gereji ya umeme wa magari Kasulu mjini, mwanamke peke yangu, nikifungua stata na kutafuta shoti kwenye malori yaliyoingia yamejaa vumbi jekundu hadi ndani ya taa. Nilizaliwa karibu na Titye, kwa watu wa jembe, na ndugu zangu walisema nimepotea. Kijiji kilipopata ile boti, wanaume wanne walikaa nayo siku mbili wakashindwa hata kujua kwa nini taa ya mbele haiwaki. Niliiwasha asubuhi moja, kabla ya chai. Wakaanza kuniita nahodha, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, na mimi nikawaitikia wote sawasawa.

Mashine yenyewe ilikuja mkono wa pili, na ile sehemu ya kuwashia kwa kuvuta kamba ilikuwa imeshakufa kabla hatujaiona. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea betri: ufunguo wa kuwashia, pampu ya kutoa maji yanayoingia chini, honi na taa. Mashine ikishawaka inaichaji betri yenyewe. Lakini betri haikulala mtoni, maana ukiiacha mtoni asubuhi unakuta pahali ilipokuwa tu. Kila jioni niliifungua, nikaiweka kichwani juu ya kata ya kitenge, nikapanda nayo hadi kanisani kwenye chumba chenye kufuli. Asubuhi naishusha tena, napaka mafuta vile vichwa vyake viwili vya risasi visiote kutu, navalisha vibano vya waya, nakaza, naondoka.

Kwa sababu ililala kanisani, kwaya nayo iliomba iitumie. Walikuwa na kinanda lakini hawakuwa na umeme. Kamati ya boti ikakubali: jioni mbili kwa wiki za mazoezi, na Jumapili kwenye ibada, siku ambayo boti haitembei. Aliyesimamia alikuwa mwalimu wa kwaya, mkulima wa maharage, mpole, mtu wa kusema neno moja pale ambapo mimi ningesema kumi. Babu yake alivuka kutoka Burundi akikimbia, baba yake akapata uraia, yeye akazaliwa hapa hapa. Kitambulisho chake ni kama changu. Nasema hivi kwa sababu baadaye litakuja.

Matatizo yalianza kiangazi kilipoingia, ule wakati wa baridi, ukungu unapolala juu ya mto hadi saa tatu na watu wanakuja kivukoni wamejifunga mablanketi. Nazungusha ufunguo: tik. Basi. Pampu kimya, honi kimya. Nazungusha tena: tik. Mara ya tano au ya sita mashine inanguruma kama vile haikuwahi kuwa na shida, na siku nzima inawaka kwa mguso mmoja. Kesho yake asubuhi, tik.

Abiria wangu wakaona dawa yake ni sala. Kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa, mtu wa kila siku kivukoni, sauti yake inafika hadi kijiji cha Kitanga. Nikizungusha ufunguo ikakataa, yeye anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, na mimi najaribu huku wanaimba. Wakifika ubeti wa tatu mashine inawaka. Ilitokea hivyo mara nne mfululizo, na mara ya nne mama akanitazama kwa jicho la kusema unaona sasa. Mimi Mungu namwamini, tena sana. Ila siamini kwamba anakaa kwenye fyuzi.

Nikaanza kutafuta. Nilitoa fyuzi nikaipangusa. Nilifungua swichi ya ufunguo nikaisafisha. Nilifuata waya kwa vidole, mmoja mmoja, kutoka nyuma hadi mbele, nikitafuta mahali panya amekula au maji yameingia. Nikapima betri kwa mita: imejaa. Ukitaka kumjua fundi wa umeme, mpe tatizo linalokuja na kuondoka. Waya uliokatika unakungoja hapo hapo ulipo. Hili lilinikimbia kila nilipoliendea na koleo, kwa sababu mimi nilipata nafasi ya kulitafuta mchana, watu wakiwa sokoni, na mchana boti haikuwa na ugonjwa wowote. Nilianza kuichukia ile boti. Nilikuwa naitukana kwa Kiha ili abiria wa mbali wasielewe, na abiria wa karibu walielewa wakakohoa.

Siku iliyoniharibu ilikuwa siku ya soko, asubuhi mapema. Nilikuwa na watu tisa, mbuzi wawili, magunia ya maharage, na mjamzito aliyekuwa anakwenda kliniki na kadi yake ndani ya mfuko wa nailoni. Katikati ya mto majani yalijisokota kwenye pangaboi. Nikazima mashine, nikayatoa kwa panga muda mrefu kwenye baridi ile, nikazungusha ufunguo. Tik. Maji yakatuchukua taratibu kuelekea kwenye mafunjo ya kona ya chini, na kona ile ina kiboko mwenye mtoto, kila mtu anajua. Hakuna aliyeimba. Tulichukua mipondo, ile miti mirefu ya kuchomeka chini ya mto, tukasukuma, wanaume na wanawake, karibu saa nzima. Yule mjamzito alitapika pembeni, akajifuta mdomo kwa kanga. Nilipofunga kamba ng'ambo sikutaka mtu aone hofu yangu, kwa hiyo nikaanza kufoka.

Nilifoka hadi jioni, nikapanda na hasira yangu hadi ofisi ya kijiji ambako kamati ilikuwa imekaa kunisubiri. Mwenyekiti wa kamati ni mzee wa heshima zake, anapenda mambo yaishe kabla ugali haujapoa. Akaniuliza tatizo ni nini. Kusema kweli nilikuwa sijui. Lakini mimi, fundi wa miaka minne gerejini, niseme sijui mbele ya wale wanaume wanne walioshindwa na taa? Nikasema ni kwaya. Kwaya walikuwa wanajiandaa kwenda kuimba kwenye kanisa la Murungu, wanafanya mazoezi kila kukicha, wanainyonya betri jioni, mimi asubuhi naikuta hoi, na leo asubuhi nusura watu wafe kwa ajili ya kinanda.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaa mlangoni. Alisimama akasema hawajazidisha siku walizopewa, na kwamba wakimaliza mazoezi kinanda huwa bado kinalia vizuri. Hilo lilikuwa neno la kupima. Betri hoi haiwezi kupiga kinanda vizuri mwisho wa mazoezi, na mita yangu mwenyewe ilikuwa imenieleza jambo lile lile. Sikulipima. Nikamwambia asinifundishe umeme. Halafu, kwa mdomo wangu huu, nikasema maneno ambayo watu wote mle ndani waliyasikia: "Kama si kwaya, ufunguo huu nitauweka mezani mwenyewe, na nisiuguse tena mpaka niliyemkosea aseme."

Kamati ikakata shauri pale pale. Betri isilale tena kanisani, ilale kwa mwenyekiti. Kwaya wasiiguse. Mwalimu aliinama kidogo kwa wakubwa, akatoka. Mimi nikarudi nyumbani nimeshinda, nikala vizuri, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Kijijini neno halikai kama ulivyolitupa. Mimi nilisema kwaya, watu wakasema mwalimu, kesho yake wakasema wale watu wa kuja. Eti ndivyo walivyo, ukiwapa mkono wanachukua na bega. Watu waliozaliwa hapa, waliosoma shule moja na sisi! Mke wa mwalimu akawa akifika kisimani, penye bomba la kijiji, kuchota maji, mtu anauliza kwa sauti leo mmechaji simu ngapi kwa betri ya boti, na foleni nzima inacheka. Nilikuwepo siku moja. Ndoo yangu ilikuwa ya tano kutoka mbele. Sikucheka, hilo najisifia hadi leo bila sababu, kwa sababu pia sikufungua mdomo. Nilijiambia si mimi niliyesema hayo. Kwaya wakaimba Jumapili tatu bila kinanda, na safari ya Murungu wakaiacha.

Na boti? Boti iliendelea kukataa. Betri ilikuwa inalala chini ya kitanda cha mwenyekiti, hakuna aliyeigusa, na asubuhi ni tik vile vile. Ningekuwa na akili ya kusikiliza ningesikia hapo. Mimi nikasema betri imeshaharibiwa na kwaya, uharibifu umebaki. Kichwa changu kikishaingia mahali hakitoki kirahisi.

Mwenyekiti akachoka. Akaleta fundi kutoka Kibondo mjini, kijana wa viatu safi, ana mkoba wa vifaa ambao mimi kwa kweli niliuonea wivu. Alifika saa sita mchana, jua la utosi. Akazungusha ufunguo, mashine ikawaka. Akazima, akawasha, ikawaka. Akaitazama boti, akanitazama mimi, akamwambia mwenyekiti kwamba wayaringi yote ni ya kienyeji, ing'olewe iwekwe mpya, betri nayo itupwe, na mashine ishushwe ipelekwe Kibondo. Na kwamba chombo kama hiki kinahitaji mtu mwenye cheti.

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia kwamba ile wayaringi ya kienyeji nimeifunga mimi, na kwamba mtu anayemtibu mgonjwa siku aliyopona ana haki ya kuitwa chochote isipokuwa daktari. Kijana akacheka kwa adabu. Mwenyekiti hakucheka. Alinivuta kando, akasema ananipa mpaka Jumamosi. Nisipopata tatizo, mashine inakwenda Kibondo, ikirudi inarudi na dereva wake, na ufunguo nitamkabidhi huyo. Nikamwambia sawa. Nikamwambia pia kwamba Jumamosi atakuja kivukoni kuniomba radhi. Sijui nilitoa wapi kiburi hicho, maana mfukoni sikuwa na hata dalili ya jibu.

Ila maneno ya kumjibu yule kijana yalinirudia njiani. Mgonjwa siku aliyopona. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya nini kila siku? Nilikuwa natafuta mchana. Nikaamua kwamba kuanzia kesho nitapima pale pale inapokataa, abiria wakiwa ndani, hata wakinilaani.

Gerejini tulikuwa na kifaa cha maskini: balbu ndogo ya gari iliyofungwa waya mbili. Ukigusisha waya hizo mahali penye umeme upande mmoja na pasipo na umeme upande wa pili, inawaka. Kwenye njia nzuri, mahali ambapo umeme unapita bila kuzuiwa, ukigusa huku na huku balbu haiwaki, kwa sababu pande zote ni sawa. Ikiwaka, ujue hapo katikati kuna kitu kimesimama njiani. Alhamisi asubuhi niliteremka na balbu yangu. Ukungu mzito, baridi ya kuuma masikio, watu kumi na mmoja kwenye boti wanapuliza viganja. Nikazungusha. Tik.

Mama wa dagaa akavuta pumzi aanze wimbo. Nikamwomba asiimbe kwanza, aje akae kwenye kiti changu, ashike ufunguo, nikisema zungusha azungushe. Alifurahi, alijiweka sawa kama mtu aliyepewa ubunge. Nikaanza nyuma kwenye mashine. Zungusha: balbu kimya. Nikaja kwenye fyuzi. Kimya. Swichi. Kimya. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Kimya. Watu wakaanza kunung'unika kwamba soko linafika mwisho. Nikawaambia anayetaka kuogelea aogelee. Palibaki betri yenyewe, na nusura niiruke, kwa sababu waya na kichwa cha betri vimebanana, unapima nini hapo? Nikaweka ncha moja juu ya risasi ya kichwa cha betri, ncha ya pili juu ya kibano kilichokivaa. Umbali wake ni kama upana wa ukucha. Nikasema zungusha.

Balbu ikawaka.

Nikagusa kibano kwa kidole. Kilikuwa cha moto, asubuhi ile ya barafu, kwa sababu umeme ulikuwa unasukuma kupita mahali palipoziba na kupachemsha. Na sasa nikaelewa zile sala. Kila nikijaribu, kibano kinapata joto kidogo, kilichoziba kinalainika, na wakifika ubeti wa tatu njia inafunguka. Mchana jua linafanya kazi hiyo bila wimbo. Nikalegeza nati, nikavua kibano. Ndani yake, pande zote, kulikuwa na utando mnene wa rangi ya chungwa iliyoiva, umeganda, umechanganyika na vumbi na ukijani wa shaba iliyoliwa.

Mawese.

Mawese yangu. Kwetu mawese ni dawa ya kila chuma. Mama yangu alipaka jembe, panga, bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, na ukikaa vibaya anakupaka na wewe miguu. Gerejini walinifundisha kutumia grisi, kidogo tu, tena juu, baada ya kibano kukazwa. Grisi yangu iliisha kiangazi kilipoanza. Nyumbani mawese hayaishi. Kwa hiyo kila asubuhi nilichovya kidole kwenye chupa, nikapaka kichwa cha betri vizuri kabisa kama mtoto anayekwenda ubatizo, ndipo nikavalisha kibano juu yake, leo juu ya jana, jana juu ya juzi. Na mwanamke gani wa huku hajui kwamba mawese yanaganda asubuhi ya baridi? Kila siku kabla ya kuja kivukoni nilikuwa naweka chupa yangu karibu na moto ili yatoke. Nilijua jikoni, nikasahau mtoni.

Nilikwangua kwa kisu, nikasugua kwa majivu na kitambaa mpaka risasi ikang'aa, nikakaza. Mama wa dagaa akazungusha bila kuambiwa, mashine ikanguruma mara moja katikati ya ukungu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa bado nimeinamia betri, kwa sababu nilikuwa namwona mwalimu anavyoinama kidogo kwa wakubwa, anatoka. Sijawahi kuvuka mto ule nikiwa mnyonge kama siku ile niliyoshinda.

Ijumaa ikawaka mara moja. Jumamosi mwenyekiti alikuja kivukoni mapema na koti lake, akazungusha ufunguo mwenyewe, ikawaka. Alifurahi kweli. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema nimeiokoa kamati, kijana wa Kibondo asije tena. Nikamwambia nilichokuta, na mkono wa nani ulikiweka. Uso wake ukabadilika. Akatazama kama kuna mtu karibu.

"Mama, umeshinda. Nyamaza," akasema.

Nikamwambia niliapa. Akasema hata kamati ilikata shauri, na kamati ikionekana imemzuia mtu asiye na kosa, nani ataiheshimu tena? Watu wameshaanza kusahau. Kwaya watarudishiwa betri kimyakimya wiki ijayo, yeye mwenyewe atalisimamia hilo. Halafu akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba nikisema, ufunguo umekwenda, tena kwa maneno yangu mwenyewe. Na huko Kibondo bado kuna mtu mwenye cheti.

Nawaambia ukweli, nilitamani. Boti ile ndiyo iliyonifanya mtu. Bila ufunguo mimi ni nani pale? Mwanamke mwenye mdomo na koleo. Lakini mwenyekiti alifanya kosa moja, aliniambia ninyamaze. Tangu nizaliwe nimeambiwa ninyamaze na baba, na kaka, na mafundi wa gerejini, na wale wanaume wanne, na sikumnyamazia hata mmoja. Leo ninyamaze kwa jambo ambalo kweli napaswa kulisema? Nikamwambia mzee, kesho ukikaa kanisani kaa mahali pa kusikia vizuri.

Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama. Sikutoa ushuhuda wa kuzunguka mbali. Nilisema boti ilikuwa inakataa kwa sababu ya mawese yaliyoganda kwenye kichwa cha betri, aliyepaka ni mimi, kwaya hawakuhusika hata kidogo, na nilipomsema mwalimu nilikuwa sijui chochote, niliona tu aibu kusema sijui. Nilisema pia kwamba walioongeza habari za watu wa kuja waliongeza wenyewe, lakini mlango niliufungua mimi. Kisha nikaenda mbele, nikaweka ufunguo mezani.

Mwenyekiti alisimama amekunja uso. Akasema basi, kama ni kiapo kiwe kiapo, aushike aliyekosewa. Mwalimu akaja, akauchukua, akautia mfuko wa shati. Nilingoja anisamehe, nakiri nilingoja, watu tulikuwa kanisani. Akasema taratibu: "Mimi nimekusikia. Lakini mimi sikuchekwa. Aliyechekwa ni mke wangu, na hakuchekwa humu ndani." Akarudi kukaa na kwaya yake.

Jumatatu boti haikutembea. Mwalimu hajui kuendesha, na mwenye cheti hakuwa ameitwa. Watu walivuka kwa mipondo, wakatapika hasira zao juu yangu. Wengine walinipita njiani bila hata salamu ya "mwakeye". Kila mtu alikuwa na ushauri: nimwendee mwalimu jioni na wazee wawili, nipige magoti, yaishe. Nikakataa. Si kwamba magoti yangu ni ya dhahabu. Ni kwamba jioni, ndani ya nyumba, na wazee wawili, nani angesikia?

Jumanne nilichukua ndoo yangu nikaenda kisimani saa moja na nusu asubuhi, wakati foleni ni ndefu kuliko saa zote. Mke wa mwalimu alikuwa mbele, anakinga. Hakugeuka. Nikaipita foleni yote, wanawake wakadhani naiba zamu wakaanza kunisema, nikaweka ndoo chini kando yake. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba alichekwa hapa kwa uongo wangu. Kwamba siku moja nilikuwepo, nimesimama mtu wa tano, nikasikia, nikanyamaza. Kwamba mume wake hakunyonya kitu cha mtu, na yeye hakuchaji simu ya mtu, na mimi ndiye niliyeharibu betri ya kijiji kwa kidole changu mwenyewe.

Alifunga bomba. Akanitazama, kisha akatazama foleni kwa nyuma yangu, mtu mmoja mmoja, hadi mwisho kule kwenye mgomba.

"Sema tena," akasema. "Wa mwisho hajasikia."

Nikageuka. Nikasema tena, neno kwa neno, kwa sauti ile ninayoitumia kuita abiria wa ng'ambo. Hakuna aliyecheka. Wawili watatu walianza kutengeneza kata zao kichwani ambazo hazikuwa zimeharibika.

Alijitwika ndoo yake, akaikamata kwa mkono mmoja. Akaniambia ufunguo uko mezani kwake. Nisimtume mtu, na nisije jioni. Nije kuuchukua mwenyewe, mchana, watu wakiwa nje.

Nilikwenda saa saba, kwa njia ndefu ya kupitia kisimani.